Semina za afya ya akili katika kituo cha Kikristo Nakuru: uzoefu wangu kama mlezi

Nimekuwa nikihudhuria semina za jamii za kituo kimoja cha Kikristo cha afya ya akili hapa Nakuru tangu mwaka jana, na watu wa kanisani wananiuliza kila mara kama zinafaa. Zinafaa sana, hasa kama unaishi na mgonjwa nyumbani. Nitaeleza kilichonisaidia, na nitasema pia mahali ambapo waandalizi wanapaswa kurekebisha, kwa kuwa kazi yao naithamini na ningependa iwafikie wengi. Jina la kituo nimeliacha. Nakuru ni jiji siku hizi, lakini bado watu wanajuana, na baadhi ya ninayosimulia yanawahusu walezi wenzangu.

Mimi ndiye ninayemtunza mdogo wangu. Ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti ambazo wengine hawazisikii, na aliugua akiwa bado chuoni. Familia yetu ilipita njia ambayo familia nyingi za Kikristo huipita: mikesha, mifungo, mtumishi huyu na yule, kisha hospitali maji yalipotufika shingoni. Hospitali tulipewa dawa na kadi ya kliniki. Maelezo hatukupewa, foleni ilikuwa ndefu na daktari alikuwa mmoja. Kwa hiyo niliingia semina ya kwanza nikiwa na maswali mengi kuliko majibu.

Semina hufanyika Jumamosi moja kila mwezi, kuanzia asubuhi hadi saa za chakula cha mchana. Hakuna kiingilio, ila unatuma mchango mdogo wa chai kwa M-Pesa ukipenda. Kila mara kuna mada moja: unyogovu, kifafa, ulevi, mama baada ya kujifungua, vijana na bangi, na kadhalika. Kando ya hizo kuna kikundi cha walezi, kuna mafunzo ya wachungaji na wazee wa kanisa, na kila tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, kuna matembezi na upimaji wa bure.

Semina ambayo sitaisahau ilikuwa ya dawa. Muuguzi wa afya ya akili alimwaga mezani pakiti alizokuja nazo, akatuita tusogee tuzione kwa karibu: haloperidol na Largactil, ambazo hutuliza sauti na mawazo yaliyovurugika, Artane, na kichupa kidogo cha sindano ya Modecate ambayo wengi wetu tunaijua kama sindano ya mwezi. Akaichukua moja moja, akaeleza inafanya nini, inaleta shida gani, na shida ipi ni ya kukimbilia hospitali.

Alipofika kwenye haloperidol akapinda shingo yake upande, akageuza macho juu, akauliza nani amewahi kuona mgonjwa wake hivi. Mikono iliinuka, na wangu ukiwemo. Mdogo wangu alipatwa na hali hiyo siku chache baada ya kuanza dawa, ulimi ukawa mzito, akawa haongei vizuri. Mama aliyekaa kando yangu akasema kwake walikesha wakikemea pepo mpaka alfajiri, kwa sababu kijana alikuwa ametulia kabla ya hapo na ghafla shingo ikajikunja. Muuguzi hakumcheka. Alisema hiyo ni misuli kukazwa na dawa, hutokea zaidi siku za mwanzo, na huwapata zaidi vijana wa kiume. Mrudishe hospitali upesi, akasema, atapewa dawa ya kuilegeza, na daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa kabisa. Ile Artane tunayopewa pamoja na vidonge vingine kazi yake ndiyo hiyo. Akaonya pia kwamba Artane nyingi hukausha mdomo, hufunga choo, na wapo vijana wanaoitafuta ili walewe, kwa hivyo isiachwe ovyo kabatini.

Jambo hilo moja lingetosha kunifanya nirudi. Fikiria ni wagonjwa wangapi wameachishwa dawa kwa sababu familia iliona shingo imepinda ikasema dawa ni sumu, au pepo amekataa. Mgonjwa anakaa wiki kadhaa bila kumeza dawa yoyote, sauti zinarudi, na wote nyumbani wanaamini hospitali imeshindwa.

Kinachokitofautisha kituo hiki na semina nyingine nilizowahi kuhudhuria ni kwamba mchungaji na muuguzi huketi meza moja, na kila mmoja humwachia mwenzake nafasi. Baba mmoja aliuliza swali ambalo nadhani nusu ya ukumbi walikuwa nalo: nikimpa mwanangu dawa maisha yake yote, si nimekiri kwamba Mungu ameshindwa kumponya? Mchungaji alifungua Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, akasoma pale Paulo anapomwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayomrudia mara kwa mara. Paulo huyo huyo aliwawekea watu mikono wakapona, akasema, na kwa mtoto wake wa kiroho hakuona aibu kumwelekeza kwenye dawa ya wakati ule. Wala hakumwambia imani yake ni haba. Yule baba aliandika mstari huo nyuma ya kadi ya kliniki.

Kisha mchungaji akawageukia wenzake, maana siku hiyo walikuwepo kadhaa. Mwombeeni mgonjwa, alisema, lakini msimfunge kamba, msimnyime chakula kwa jina la mfungo, wala msimwambie aache dawa madhabahuni. Muuguzi akaongeza jambo ambalo sikuwahi kulisikia: anayetumia lithium, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, akifunga bila kunywa maji, dawa inaweza kujaa mwilini ikawa sumu. Anatetemeka, anatapika, anachanganyikiwa. Kanisa linalotangaza mfungo mkavu wa siku 3 linapaswa kulijua hilo, na laiti kila mchungaji angelisikia kabla ya Januari, mwezi wa mifungo.

Wapo wanaodhani huduma hii ya Kikristo kwa wagonjwa wa akili ni mambo ya kisasa yaliyoletwa na wafadhili. Ng'ambo ya mpaka tu, kwenye milima ya Usambara nchini Tanzania, Walutheri wana hospitali ya Lutindi ambayo imehudumia wagonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka 100, na kazi za mikono ni sehemu ya matibabu yao. Mchungaji aliitaja akiwajibu waliosema kanisa halina historia na mambo haya.

Semina ya kujiua nayo ilikuwa nzito. Mama mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama binti yake akijaribu tena ampeleke hospitali au amfiche, maana mara ya kwanza polisi walikuja wodini. Aliyejibu ni wakili aliyealikwa siku hiyo. Alieleza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na mtu angeweza kufungwa hadi miaka 2. Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, katika kesi iliyopelekwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Madaktari wa Akili. Akamwambia: mama, mpeleke hospitali, usimfiche. Wengi ukumbini walikuwa hawajazisikia habari hizo. Hapo hapo tulipewa namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu, ambayo ni ya bure kupiga, na mshauri akatufundisha kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Humpa nafasi ya kulitoa.

Sasa kasoro. Kubwa kwangu ilitokea kwenye siku ya 10 Oktoba. Upimaji wenyewe ulifanyika vizuri: unaketi na mshauri faraghani, anakuuliza maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kuanzia kukosa hamu ya mambo hadi usingizi, chakula, uchovu, na la mwisho ni la mawazo ya kufa. Walezi nao walipimwa, na wengi tulikutwa tumechoka kuliko tulivyojua. Lakini nje ya hema kulikuwa na kijana wa kamera aliyekuwa akipiga picha foleni, na baada ya siku chache nyuso za watu zilikuwa Facebook na maandishi kwamba wamekuja kupimwa akili. Hakuna aliyeulizwa. Mwalimu mmoja kwenye kikundi chetu alipigiwa simu na wazazi wa wanafunzi wake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, na hata bila sheria, mtu aliyejitoa mhanga kuja hadharani anastahili kulindwa. Tulilalamika, picha zikaondolewa, na tukaombwa radhi. Nataka mwaka huu kamera ibaki kwenye matembezi, isikaribie hema.

Jingine ni lugha. Slaidi karibu zote ni za Kiingereza. Wawezeshaji wakizungumza wanachanganya, lakini wakisoma slaidi wanasoma Kiingereza kitupu, na akina mama wazee, ambao ndio hasa wanaoshinda nyumbani na wagonjwa, wanabaki wakiangalia ukuta. Nyanya mmoja aliyekaa mbele yangu alikuwa amefunga dawa za mjukuu wake kwenye leso. Aliposikia neno Largactil akaifungua haraka, akatafuta pakiti, akaiinua aonyeshe kuwa anayo. Alikuwa anafuatilia kwa bidii yote, na nusu ya somo ilimpita. Wana watu wanaoongea Kiswahili na Kikuyu vizuri kabisa, kwa hiyo hili halihitaji pesa.

Wanaume pia ni wachache, na waliopo wengi ni wachungaji. Na ukitoka semina ukitaka ushauri wa ana kwa ana, ada ya kikao haishikiki kwa familia kama zetu. Ipo bei ya chini kwa wasiojiweza, lakini lazima uulize mwenyewe, haitangazwi. Uliza.

Kikundi cha walezi ndicho kinachonifanya nisichoke. Tunakaa duara, na sheria ni kwamba la duarani linabaki duarani. Hapo nilijifunza kutobishana na mdogo wangu kuhusu sauti anazozisikia, wala kujifanya nazisikia. Namwambia: najua wewe unazisikia, mimi sizisikii, naona zinakutisha, tukae pamoja kidogo. Mara nyingi hutulia. Hapo pia ndipo nilipoambiwa kwamba mtu mwenye ulemavu unaotokana na ugonjwa wa akili anaweza kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, jambo ambalo hakuna aliyetueleza hospitalini. Mwenzetu akizidiwa na mgonjwa usiku, wapo wanaofika kwa bodaboda kumsaidia kumpeleka hospitali, na nauli tunachanga.

Kama mgonjwa wako yuko katika hali ya hatari leo, usingoje Jumamosi, mpeleke hospitali au piga 1199. Kama ametulia na unataka kuelewa, nenda semina ya dawa kwanza. Fika mapema ukae mbele, maana spika za nyuma hazisikiki vizuri. Beba pakiti halisi za dawa zake pamoja na kadi ya kliniki, kwa sababu muuguzi hubaki baada ya maombi ya kufunga na humsikiliza mmoja mmoja, na ukimwambia tu "kile kidonge cheupe" hawezi kukusaidia. Mchungaji wako naye mwalike. Wa kwetu alikuja mara moja, na tangu hapo anamuuliza mdogo wangu kama amemeza dawa kabla ya kumwombea.