Mtaalamu wa tiba ya viungo: umfuate kliniki au aje nyumbani?

Kwa gharama, kliniki kwa kawaida ni nafuu. Anayekuja nyumbani hukutoza na nauli. Vifaa pia: kliniki ina baiskeli ya mazoezi na vyuma vya kushikilia unapojifunza kutembea, wa nyumbani huja na mkoba na mikanda ya mpira. Ila aliyepata kiharusi, kuinuka kitandani ni kwa tabu, hujifunza vizuri palepale nyumbani: kitanda chake, kizingiti cha choo chake.

Leseni haina mjadala. Chukua jina na namba ya usajili, ulinganishe na orodha ya baraza linalowasajili. Kliniki nyingi hubandika cheti ukutani. Wa nyumbani mwombe. Akinuna, tafuta mwingine.

Goti la mchezaji? Kliniki. Bibi aliyetoka kupasuliwa nyonga? Aanzie nyumbani, kliniki baadaye.