Walifomati laptopu yangu mara mbili, na ubovu haukuwa kwenye diski

Nilikusudia kuwapa mafundi hawa wa laptopu nyota moja, na hiyo moja kwa kuwa sifuri haikubaliki. Sasa hasira imeshuka kidogo na nitaeleza pia kazi waliyoifanya vizuri, kwa sababu ipo. Lakini nikipandwa tena njiani mnisamehe.

Laptopu ni ya viini vinne, yaani prosesa yake ina sehemu nne za kufanyia kazi, ndani mna Ubuntu 22.04, aina ya Linux. Feni inavuma tangu inapowashwa hadi inapozimwa, hata kama hakuna programu yoyote iliyofunguliwa. Betri iliyokuwa ikikaa saa tano haifiki mbili. Ukiigusa chini, upande wa kushoto, hutaki kuipakata. Nikaipeleka kwa mafundi hapa Amu, yaani Lamu, duka sitalitaja, kwa sababu kufungua feni kunataka mkono uliozoea skrubu ndogo, na wao wanao.

Aliyeipokea akafungua dirisha la kuonyesha matumizi ya prosesa, akaona asilimia 25. "Mbona hii ni kawaida." Nikamwambia, mwanangu, asilimia 25 kwenye viini vinne ni kiini kimoja kizima kinachochemka. Akanijibu bila kuniangalia: "Bi mkubwa, wewe kazi yako ni kuitumia, kutengeneza tuachie sisi. Hivyo ni virusi, na hiyo Linux yako ndiyo iliyovileta."

Hilo la asilimia nalirudia kwa faida ya mwenye kusoma, maana ndilo lililompoteza. Lile dirisha la picha linaweza kukupa wastani wa viini vyote. Fungua teminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika top, kisha bonyeza 1, utaona kila kiini peke yake. Kwenye orodha ya chini, asilimia 100 maana yake ni kiini kimoja, kwa hiyo mashine ya viini vinne yaweza kufika 400. Yangu ilikuwa na viini vitatu vilivyolala na kimoja kwenye 96, saa nzima, mashine haifanyi kitu. Tazama pia ile asilimia yenye alama wa: ikiwa hiyo ndiyo iliyopanda, prosesa haina kosa, inasubiri diski. Na juu kabisa kwenye orodha, jina lilikuwa kworker/0:1+kacpid.

Kworker si programu. Ni kibarua wa keneli yenyewe, ule moyo wa mfumo: kila kazi ndogo ya pembeni, keneli humtupia yeye. Ndiyo maana kumuua hakuwezekani. Kijana mwengine pale dukani alimpiga kill -9, amri ya kuua programu kwa nguvu, mara tatu mbele yangu, kisha akatangaza kwamba virusi ni sugu. Jina lilikuwa limekwisha kumwambia kila kitu, lau angelisoma mpaka mwisho. Kinachofuata baada ya alama ya kujumlisha au kistari ndiyo kazi aliyopewa kibarua. Ikiwa ni kcryptd, ni usimbaji wa diski. Ikiwa ni kacpid au kacpi_notify, ni ACPI, yaani pale keneli inapozungumza na bodi kuhusu betri, kifuniko, vitufe na umeme.

Haya, tuseme mtu ana shaka ya virusi. Shaka hiyo si upuuzi, kwa sababu ziko programu za wizi, hasa zile za kuchimba sarafu za mtandaoni, ambazo hujipa jina la kworker ili zisionekane. Lakini kuhakikisha ni kazi ya dakika moja. Chukua namba ya PID, yaani namba ya utambulisho wake, kwenye top, tuseme ni 412:

ps -o ppid= -p 412
sudo readlink /proc/412/exe

Kworker wa kweli, amri ya kwanza hutoa 2, kwa sababu mzazi wake ni kthreadd, mzazi wa vibarua wa keneli mwenye namba 2, na ya pili haitoi chochote, kwa sababu hana faili kwenye diski. Jambazi aliyevaa jina hilo atakuonyesha mahali faili lake lilipo. Dakika moja! Hawakuwa nayo, lakini saa mbili za kufomati walikuwa nazo.

Fomati ya kwanza niliikubali mwenyewe. Nakala za faili zangu zilikuwa kwenye diski ya nje, nikaona na tujaribu. Shilingi 1,000. Nikarudi nyumbani, nikaiwasha, feni ikavuma vilevile. Nikarudisha faili zangu, GB 60 hivi, na hapo ndipo mambo yalipochanganyika zaidi, kwa sababu sasa juu ya orodha alikuwapo mwengine, tracker-miner-fs-3. Huyu hana ubaya. Anapitia kila faili ili ukitafuta jina ulipate upesi, na ukimwaga faili nyingi kwa mpigo atahangaika nazo kwa saa kadhaa, kisha atulie. Andika tracker3 status uone amebakisha ngapi. Asipotulia kwa siku mbili, ingia kwenye mipangilio ya utafutaji umwondolee folda kubwa, basi.

Nikaendelea kuitumia hivyo hivyo ikichemka, mpaka nikaona joto lenyewe litaiua. Nikaipeleka mara ya pili wasafishe feni, kusafisha tu. Ndani ya mkoba nikaweka karatasi: "Msifute kitu kabla ya kuniuliza." Wakaiwasha, wakaona tracker, wakasema virusi vimerudi, wakafomati. Shilingi 1,000 nyengine. Karatasi ilirudi imekunjwa vilevile nilivyoikunja.

Na kati ya fomati ya kwanza na ya pili nilikuwa nimechapa kurasa 38 za utenzi wa bibi mmoja wa mtaa wa Mkomani, kutoka daftari lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu, wino umekula karatasi, kila beti naisoma mara tatu kwa kioo cha kukuzia. Kurasa hizo hazikuwa na nakala. Najua, nilipaswa kuwa nayo. Lakini mtu akikwambia usifute, na wewe ukafuta, kosa si la asiyekuwa na nakala.

Nielezeni, nini kiliwafanya waamini fomati ya pili itatibu kilichoshindwa na ya kwanza? Flashi moja ya GB 8 ingemaliza ubishi wote. Tia Ubuntu kwenye flashi, washa mashine kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, chagua kujaribu, si kusakinisha, fungua top. Kworker akiwa bado yuko kwenye 90 na kitu, basi ubovu hauko kwenye diski na kufomati ni kazi bure. Akitoweka, hapo ndipo pa kuanza kuikagua mifumo iliyosakinishwa. Nilikuja kufanya hivyo mwenyewe usiku uleule niliporudishiwa mashine mara ya pili. Kworker alikuwapo, 95.

Ubovu ulikuwa hapa. Bodi ya laptopu ina vijia vya ishara vinavyoitwa GPE. Kifaa kikitaka kusikilizwa, huinua ishara, keneli huijibu, ishara hushuka. Watengenezaji wakiandika vibaya BIOS, ile programu ya bodi inayoiwasha mashine, ishara hujibiwa na haishuki, keneli huitwa tena, na tena, maelfu kwa sekunde. Kwenye Windows huenda usilione kabisa, kwa kuwa draiva ya kiwandani hujua namna ya kuituliza. Kuona ni kijia gani:

grep enabled /sys/firmware/acpi/interrupts/gpe*

Iandike mara mbili, katikati uhesabu sekunde kumi. Vijia vizima hesabu yake husogea moja moja au haisogei. Kwangu gpe6F ilitoka 1,912,440 ikafika 1,958,071. Huhitaji kuambiwa zaidi. Ukaifunge:

echo mask | sudo tee /sys/firmware/acpi/interrupts/gpe6F

Usiandike sudo echo ukafuatisha alama ya mshale wa kulia. Utakataliwa, kwa sababu sudo inampa ruhusa echo, si ule mshale unaoandika kwenye faili. Wengi hukwama hapo wakadhani dawa haifanyi kazi. Mimi nilipobonyeza Enter, kiini kilishuka kutoka 96 hadi 2, na haikupita dakika feni ikanyamaza. Nilikuwa nimesahau kwamba chumba hiki kina saa ya ukutani.

Amri hiyo hupotea ukizima mashine. Ili idumu, fungua /etc/default/grub kwa sudo, tafuta mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, na ndani ya alama za kunukuu, baada ya quiet splash, acha nafasi uandike acpi_mask_gpe=0x6F. Namba iwe ya kwako, si yangu. Hifadhi, kisha sudo update-grub, kisha uwashe upya.

Ila usifunge kijia kwa pupa. Kimoja kati ya hivyo ni cha kidhibiti kidogo cha bodi, kile kinachosoma betri na kibodi. Andika sudo dmesg | grep GPE= na namba utakayoiona hapo usiiguse, vinginevyo asilimia ya betri itaganda na mashine itakuzimikia bila onyo. Baada ya kufunga, jaribu kifuniko, vitufe vya sauti na mwanga, na uchomoe chaja uone kama inajua imechomolewa. Kwangu vyote vilifanya kazi. Dawa ya kudumu zaidi ni BIOS mpya kutoka kwa mtengenezaji, na sudo fwupdmgr get-updates huenda ikakwambia kama ipo, lakini hiyo ifanye betri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa. Umeme wetu tunaujua, na BIOS iliyokatikia katikati ni laptopu iliyokufa.

Sasa sifa, kwa sababu haki ni haki. Ile feni waliisafisha kama inavyopasa. Hewa ya Amu ina chumvi, kuta zetu zinamwaga vumbi la chokaa, na viwili hivyo vikikutana na unyevu wa kusi vinakuwa kama saruji kati ya mapezi ya shaba. Nilisimama pale nikitazama, kabla ya kuondoka na kuwaachia mashine. Yule kijana wa kill -9, huyo huyo, alizuia panga la feni kwa kijiti cha meno kabla ya kupuliza, ili lisizunguke kwa kasi likaharibu beringi. Alifuta pesti ya zamani ya kupitisha joto kwa spiriti na pamba mpaka shaba ikang'aa, akatia mpya kiasi cha punje moja ya mchele, hakuipaka kama siagi kwenye mkate. Skrubu alizikaza kwa msalaba, kidogo kidogo. Kabla ya hapo sensors, amri ya kupima joto, ilisoma nyuzi 91. Baada ya usafi, kworker akiwa bado anatafuna, 74. Nilipofunga gpe6F, 52. Shilingi 1,500 za usafi nilizitoa kwa moyo mkunjufu na ningezitoa tena.

Kwa hiyo nilipofika hapa nilikuwa nimeshawapandisha hadi nyota tatu. Kijana ana mkono mzuri, na pengine hakuna aliyemfundisha kusoma mstari wa kwanza wa top kabla ya kushika flashi ya kufomati. Kisha nilirudi dukani na zile amri nimeziandika, nikitaka wazibandike ukutani, na mkubwa wao akaniambia: "Sasa si imepona, bi mkubwa? Mbona bado una maneno?"

Nyota mbili. Na zile shilingi 2,000 za fomati nazitaka. Mkononi au kwa simu, vyovyote.

Feni nitawapelekea tena kusi ijayo, kwa kijana yuleyule. Lakini nitafungua kifuniko cha chini kwanza. Diski ya M.2 imeshikwa na skrubu moja tu, na itabaki sandukuni mwangu pamoja na daftari la bibi, ambalo leo usiku naanza kulichapa upya kutoka beti ya kwanza.