Opera ya roki: albamu ipi ununue kwanza, ipi isubiri

Wakuu, mi The Wall yangu ya kwanza niliuziwa nusu. Kava zuri, la kufunguka, muuzaji wa mtumba kaniapia ipo safi, nafika nyumbani ndani mna santuri moja tu, ile ya kwanza. Sasa anayeijua hiyo albamu ya Pink Floyd anajua santuri ya kwanza inaishia wapi: jamaa anamalizia tofali la mwisho, kajifungia ndani ya ukuta wake, anaaga, kimya. Miezi kadhaa mi najua Pink, ndo jina la huyo jamaa wa kwenye kisa, kaishia humo. Kumbe mbele kuna hadithi nzima imebaki, hadi kesi mahakamani ipo!

Ndo maana nasema hizi albamu zinanunuliwa kwa akili tofauti. Albamu ya kawaida ukikosa nyimbo tano umekosa nyimbo tano basi, ila opera ya roki ni kama utenzi, kisa kimoja chenye watu wake na mwisho wake, kinapigiwa magitaa, ukinyofoa katikati huelewi tena kitu. Kwa hiyo mi kigezo changu ni kimoja: nikimwekea mtu ambaye hajawahi kuisikia, asisome popote, ikiisha ataweza kunihadithia nani alifanywa nini na akaishia wapi? Kwa kigezo hicho kuna vigogo wanaanguka vibaya, msinitukane.

Namba moja naweka Jesus Christ Superstar, na najua mashabiki wa bendi ya The Who, wenye Tommy yao nitakayoifikia, wameshanuna. Sikiliza kwanza. Hii ni ya 1970, Andrew Lloyd Webber katunga muziki, Tim Rice katunga maneno, walikuwa vijana hawana mtu wa kuwawekea hela wapande jukwaani, wakaona bora watoe albamu kwanza, jukwaa la Broadway kule New York likaja mwaka uliofuata. Uzuri wake ni kwamba kila mtu kwenye kisa ana sauti yake: Ian Gillan wa Deep Purple ndo Yesu, Murray Head ndo Yuda, Yvonne Elliman ndo Maria Magdalena, kwa hiyo wakianza kubishana unajua nani anamjibu nani, hata kama Kiingereza chako cha kuungaunga. Halafu kisa chenyewe ni siku saba za mwisho, ukiwa umekulia karibu na kanisa lolote unakijua, kinachokushika ni kwamba unakiona kwa macho ya Yuda, anayelalamika tangu wimbo wa kwanza kwamba mambo yamevuka mpaka. Ila ujue kabisa inaishia msalabani na kaburini, ufufuko hamna, kuna watu walikwazika sana na hilo.

Angalizo la kununua: zipo nyingi zenye jina hilohilo. Ya filamu ya 1973 Yesu ni Ted Neeley na Yuda ni Carl Anderson, ni nzuri pia (Carl Anderson anaimba mpaka unamhurumia Yuda, aisee), ila siyo ile ya Gillan. Geuza kava, soma majina, ndo utoe hela.

Namba mbili The Wall, 1979, santuri mbili ndani ya kava moja, na sasa mnajua kwa nini nasema zihesabu. Roger Waters wa Pink Floyd, aliyekitunga kisa, alimpoteza baba yake vitani Italia mwaka 1944, yeye bado mchanga kabisa, na hilo ndo tofali la kwanza la Pink, halafu mama anayembana, halafu walimu, halafu ndoa, ukuta unapanda tu. Kile kiitikio cha watoto wa shule kwenye "Another Brick in the Wall" mnakijua wote, na mwaka 1980 wanafunzi wa Afrika Kusini waliogomea elimu ya ubaguzi walikifanya wimbo wao mpaka serikali ya makaburu ikaupiga marufuku. Kisa kinafuatika, isipokuwa upande wa tatu unazubaa kidogo. Na ukiisikiliza kwenye simu, zima ile ya kuchanganya nyimbo, na hakikisha programu yako haiachi mwanya kati ya wimbo na wimbo, kwa sababu nyimbo zimeungana, hadi sentensi inayokatika mwishoni kabisa mwa albamu inamaliziwa kule mwanzoni.

Kama mfuko hauruhusu albamu dabo, chukua American Idiot ya Green Day, 2004, naipa ya tatu. CD moja, haifiki saa nzima, imeuzwa sana kwa hiyo kwenye mtumba haisumbui kuipata. Kijana wa mtaani anayejiita Jesus of Suburbia anakimbilia mjini, anakutana na St. Jimmy na dada mmoja ambaye mwisho wa yote hata jina lake halikumbuki. Nyimbo mbili zina dakika tisa tisa zimegawanyika vipande vitano vitano na bado huchoki. Kwa mdogo wako anayeanza, mpe hii.

Sasa Tommy ya The Who, 1969. Kwa historia hii ndo iliyolifanya jina la opera ya roki lijulikane dunia nzima, magitaa ya Pete Townshend humo ni balaa, na mtu akiniambia naikosea heshima kuiweka ya nne nitamwelewa. Lakini kisa chenyewe jamani! Mtoto anaona mauaji kwenye kioo, anakuwa kiziwi, bubu na kipofu, anakuwa bingwa wa pinboli (ule mchezo wa mashine wa kupigapiga kigololi), anapona, anakuwa kama mtume, waumini wanamkataa. Mi nilijua hivyo baada ya kusoma, kwa masikio tu nilitoka kapa. Na kuna mtego: kwenye albamu baba anarudi kutoka vitani na kumuua hawara wa mama, kwenye filamu ya 1975 wamegeuza, anayeuawa ni baba. Ukinunua ya filamu, yenye Elton John na Tina Turner, umenunua kisa kingine. Chukua ya 1969 na uhakikishe kijitabu cha mashairi kipo.

Wenyewe wa The Who walirekebisha 1973 na Quadrophenia, kijana Jimmy na nafsi zake nne, anaishia juu ya mwamba baharini. Hii inunue kama santuri tu, ina kitabu kizima cha picha na ndani ya kava Jimmy anakusimulia mwenyewe. Haina kitabu? Bei ishuke nusu, usione aibu.

Scenes from a Memory ya Dream Theater, 1999, ni kwa wapenda upelelezi, kuna mauaji ya 1928 na sekunde za mwisho zinakushtua. The Lamb Lies Down on Broadway ya Genesis, 1974, iache. Muziki mtamu kweli, ila Rael, kijana mwenye kisa, anapoingia ardhini New York mi ndo alinipotea na mpaka leo sijampata.

Na mwisho, kwa watu wa Unguja hasa: A Night at the Opera ya Queen siyo opera ya roki. Najua Freddie Mercury, mwimbaji wao, kazaliwa Stone Town, najua kuna "Bismillah" mle ndani, ila jina wamelikopa kwenye filamu ya vichekesho ya Marx Brothers. Kisa kipo kwenye wimbo mmoja tu wa dakika karibu sita, "Bohemian Rhapsody". Nunua, ila usije ukanilaumu unatafuta mwendelezo.