Kutoka 883 hadi 1200: karakana ya Mtwara iliyonichongea injini ya mbio

Pikipiki nyingi zinazopelekwa kuchongwa silinda hapa Mtwara ni za bodaboda zilizokula ringi, yaani pete za chuma zinazoizunguka pistoni na kuziba mwanya kati yake na silinda. Fundi huipanua silinda kwa robo au nusu milimita, akaweka pistoni ya oversaizi, na mwenye pikipiki akarudi kijiweni kesho yake. Mimi nilipeleka kazi ya namna nyingine. Nina Harley-Davidson Sportster ya mwaka 2001, niliyoinunua kwa mgeni aliyekuwa kwenye shughuli za gesi na aliyekuwa akirejea kwao, yenye silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V, na nilitaka kipenyo cha kila silinda kitoke milimita 76.2 kifike milimita 88.8, ili ujazo wa injini utoke sentimita za ujazo 883 ufike 1200. Lengo ni mbio fupi za mstari mnyoofu, zile za robo maili ambayo ni mita 402. Naandika tathmini hii kwa sababu karakana iliyofanya kazi hiyo ipo hapahapa, kwenye barabara iendayo Mikindani, na watu wengi niliozungumza nao waliamini kwamba silinda za namna hii hazina budi kupelekwa Dar es Salaam.

Nilipofika mara ya kwanza nikiwa na silinda zangu ndani ya kiroba, fundi mkuu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba, alizitoa moja moja, akazifuta, akaziangalia ndani kwa kuzielekeza kwenye mwanga wa mlango, kisha akaniuliza pistoni ziko wapi. Nikamjibu kwamba zimeagizwa Marekani na bado ziko njiani, lakini vipimo vyake ninavyo kwenye karatasi. Akazirudisha silinda kwenye kiroba. “Kaka,” akasema, “mimi sichongi karatasi, nachonga pistoni. Zikifika, zilete.” Siku ile niliondoka nimeudhika. Leo nasema kwamba jibu lile ndilo lililonifanya nimwamini, kwa sababu pistoni mbili za boksi moja zinaweza kutofautiana kwa kiasi kidogo ambacho jicho halikioni lakini injini inakiona, na fundi anayechonga kwa kufuata namba tupu anaweza kukurudishia silinda iliyolegea, na silinda iliyolegea haina dawa isipokuwa kuipanua tena.

Pistoni zilipofika kwa basi kutoka Dar es Salaam, aliziacha juu ya meza pamoja na silinda usiku kucha ili vyote viwe na joto moja, ndipo asubuhi akaanza kupima. Alipima sketi ya kila pistoni, yaani sehemu yake ya chini inayosugua silinda, kwa mikromita mara tatu, akaandika kwa kalamu ya rangi juu ya silinda ni ipi itakayobeba pistoni ipi, ya mbele na ya nyuma. Wale wanaojua injini hizi wanajua kwa nini tofauti ya mbele na nyuma ina maana: silinda zote mbili hupozwa kwa upepo, na ile ya nyuma, iliyojificha nyuma ya mwenzake, hupata upepo kidogo na huwa na joto zaidi. Kwa hiyo mzee aliipa ringi ya juu ya silinda ya nyuma mwanya, yaani nafasi kati ya ncha zake mbili, mkubwa kidogo kuliko ile ya mbele, akiuhakikisha kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia, hadi ukafika milimita 0.4, akikwangua ncha ya ringi kwa tupa ndogo, mara mbili tatu, kisha anairudisha silindani na kupima tena.

Kuna jambo moja la hesabu ambalo wengi hulisahau wanapopanua injini, nami nililisahau. Injini ya 883 ilikuwa na mgandamizo wa karibu 9 kwa 1, maana yake kila silinda ya sentimita za ujazo 441 ilibakiwa na nafasi ya kama 55 juu ya pistoni inapofika kileleni. Ukiiacha nafasi ileile na kuongeza silinda hadi sentimita za ujazo 600, mgandamizo unapanda hadi karibu 12 kwa 1. Kwa mafuta maalumu ya mbio huenda injini ingevumilia. Kwa petroli tunayojaza kwenye vituo vyetu, na kwa joto la Mtwara, injini ingegonga, yaani mafuta yangejilipukia yenyewe, hadi itoboe pistoni. Nashukuru kwamba pistoni nilizoagiza zina kichwa kilichobonyea kama kisahani, na ule mbonyeo ndio unaoongeza nafasi hiyo. Mzee alijaza mafuta kwenye mbonyeo kwa bomba la sindano, akahesabu sentimita moja moja mbele yangu, akafanya vivyo hivyo kwenye chumba cha silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, na ndipo akakubali kuendelea.

Sasa nije kwenye kuchonga kwenyewe. Kutoka 76.2 hadi 88.8 ni kuondoa zaidi ya milimita 6 za chuma kila upande, kazi isiyofanana hata kidogo na ile robo milimita ya bodaboda, na mashine haikumaliza kwa mkupuo mmoja; ilipita mara nyingi, kidogo kidogo, kwa muda wa siku mbili. Kilichonivutia zaidi ni sahani mbili za chuma kinene alizozichonga mwenyewe kwenye leti kabla ya kuanza. Kwenye injini hii silinda hubanwa na stadi nne ndefu, yaani vyuma vyenye nyuzi za nati, zinazotoka kwenye kreki kesi, lile bodi la chini la injini, na kupita hadi kwenye hedi, na zikikazwa, silinda huminywa ikapoteza mviringo wake kwa kiasi kidogo sana. Ukiichonga ikiwa huru, itakuwa duara mezani na yai kwenye injini. Kwa hiyo mzee aliibana silinda katikati ya sahani zile mbili, akakaza nati kwa torki renchi kama vile hedi iko mahali pake, ndipo akaichonga ikiwa imeminywa hivyohivyo. Baadaye alinipa saa ya kupimia nizungushe mwenyewe ndani ya silinda, juu, katikati na chini, na mshale haukutikisika kiasi cha kuonekana.

Umeme ulikatika mara moja silinda ya nyuma ikiwa mashineni. Uliporudi, palikuwa na mstari mwembamba mahali kisu kiliposimama. Huuoni vizuri, lakini ukipitisha ukucha unaukwaa. Nilidhani silinda imekufa. Mzee alikuwa ameacha sehemu ya kumi ya milimita kwa ajili ya kuhoni, yaani kuisugua silinda kwa mawe laini mwishoni, na mawe ya kuhoni yaliufuta mstari ule kabisa, yakaacha mikwaruzo ile inayopishana kama ukili, ambayo kazi yake ni kushika oili ili ringi zisikae kavu.

Baada ya kuhoni, kijana wake aliziosha silinda kwa maji ya moto na sabuni ya unga, akazisugua kwa brashi, kisha akapitisha kitambaa cheupe. Kikatoka kijivu. Akaosha tena, kikatoka kijivu hafifu; akaosha mara ya nne ndipo kikatoka cheupe kama kilivyoingia. Vumbi la mawe ya kuhoni likibaki ndani linakula ringi mpya mapema, na karakana nyingi nilizowahi kupita hufuta kwa petroli na kitambaa kimoja wakaridhika. Papo hapo alizipaka oili na kuzifunga kwenye nailoni, kwa sababu kwa upepo wa bahari tulio nao, chuma kilichochongwa leo kikilala wazi kinaamka na kutu.

Pistoni nazo zilipimwa uzito. Karakana haikuwa na mizani ya kiwango hicho, kwa hiyo tulizipeleka kwa sonara karibu na soko kuu, ambaye alizipima kwa ukarimu bila kututoza kitu. Moja ilizidi mwenzake kwa gramu 2, na mzee akapunguza kwa ndani, mahali pasipobeba mzigo. Katika injini hii konrodi mbili, zile fimbo zinazounganisha pistoni na kreki, zimekaa kwenye pini moja ya kreki, nayo silinda huwaka kwa zamu zisizo sawa, baada ya nyuzi 315 za mzunguko wa kreki kisha 405, kwa hiyo mtikisiko upo tangu kiwandani na hakuna sababu ya kuuongeza.

Zipo kasoro, na sitazificha. Niliahidiwa wiki mbili, kazi ikachukua wiki tano. Sehemu ya ucheleweshaji ilitokana na mimi kupeleka kazi mwezi Oktoba, msimu wa korosho unapoanza na kila mwenye pikipiki anapata fedha ya kuitengeneza. Lakini hakuna aliyenipigia simu kuniambia, nilikuwa nakwenda mwenyewe na kukuta silinda zangu zimesogezwa pembeni. Pili, hawaandiki. Vipimo vyote vilikuwa kwenye kichwa cha mzee na ukutani kwa chaki, na nisingevinakili kwenye daftari langu, leo nisingekuwa navyo. Kazi ya kiwango hiki inastahili karatasi ya vipimo anayokabidhiwa mteja. Tatu, na hili liliniuma, kijana alirudishia gasketi ya zamani kwenye kifuniko cha roka, kile cha juu ya mitambo ya valvu, ilhali mpya ilikuwa kwenye boksi nililowapa, na siku ya kwanza ya kuwasha, oili ilitiririka kwenye mapezi ya silinda ya nyuma. Walirekebisha bila malipo na mzee aliniomba radhi mbele ya kijana, lakini wiki moja zaidi ilipotea.

Huko Marekani, ambako chama cha NHRA kimekuwa kikisimamia mbio hizi tangu 1951, injini za V za Harley zinazoshindana kwenye daraja la Pro Stock zilifikia inchi za ujazo 160, yaani zaidi ya sentimita za ujazo 2,600, na Andrew Hines alitwaa ubingwa kwa pikipiki ya namna hiyo miaka ya 2004, 2005 na 2006. Yangu ni hatua ya kwanza tu kwenye njia hiyo. Lakini hatua yenyewe ni ya kweli. Niliiwasha na kuiacha ipoe kabisa mara tatu, kisha nikaizoesha taratibu kwa kilomita 800 kwenye barabara ya Masasi, bila kuivuta. Geji ya mgandamizo inaonyesha silinda mbili zinazolingana, moshi hakuna, na plagi zote mbili zina rangi ya kahawia iliyopauka. Ukifungua mafuta kwenye gia ya pili, msukumo unatoka chini kabisa ya mzunguko wa injini, pale ambapo 883 ilikuwa bado inajikusanya. Mbio zenyewe sitazifanya kwenye barabara ya umma, na namsihi kila atakayejenga injini kama hii asifanye hivyo. Nasubiri nafasi ya kuipeleka kwenye njia iliyofungwa.

Nililipa shilingi 320,000 kwa silinda zote mbili, pamoja na kuhoni, kuosha na kutengeneza zile sahani, ambazo zimebaki karakanani na mwenye Sportster nyingine anaweza kuzitumia. Kufunga injini nililipa kando. Ukienda, nenda na pistoni mkononi, gasketi mpya ukizihesabu mbele yao, na daftari; na uende kabla ya Oktoba. Mimi narudi mwezi ujao kwa ajili ya klachi, kwa sababu springi yake ya zamani imelegea na klachi imeanza kuteleza gia ya tatu inapoingia.