Land Rover niliyoikata, injini ya 1HZ, na fundi aliyemnyima mama yangu shikamoo

Mwenye Land Rover 110 anayewaza kuifupisha na kuitia injini ya Toyota 1HZ, nakwambia fanya. Ila gereji niliyoipa kazi hiyo mimi hapa Arusha, kaa nayo mbali. Jina silitaji. Mkate wao wa kila siku ni kurefusha Land Cruiser za watalii, na balaa langu lilianzia hapo hapo.

Nilitaka gari fupi kwa ajili ya makorongo. Gari refu likipanda ukingo, tumbo linakalia tuta na magurudumu yanazunguka bure. Wakatoa sentimita 43 hivi katikati ya chesesi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, ikawa fupi kama Land Rover 90, ile fupi ya kiwandani. Kwenye uchomeleaji siwaonei: walikata kwa mshazari, wakapiga bamba, mpaka leo hakuna ufa. Na injini yenyewe jamani! Mtu umezoea ile dizeli ya zamani ya lita 2.5, Monduli Juu unaipanda huku unaomba Mungu. Sasa una silinda sita, lita 4.2, nguvu karibu mara mbili, haina turbo wala kompyuta, na spea zake zimejaa Arusha. Wiki za mwanzo niliwasifia kwa kila mtu.

Kisha ikaja siku ile upande wa Longido, masika yanaisha. Tunatoka korongoni, nakanyaga mafuta kidogo tu, nasikia kishindo chini. Propela shafti ya nyuma, ule mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, krosi yake (kiungo kinachoiruhusu kukunjika) imepasuka upande wa gia boksi, shafti imeanguka ncha na inapigapiga sakafu pale alipokaa mama yangu. Ingetokea kwenye lami ya Namanga, tuko spidi 80, ncha ile ingechimba barabara na gari lingepinduka. Tukaifungua shafti nzima, tukarudi mjini tukivutwa na magurudumu ya mbele peke yake.

Sababu yake inaonekana ukilala chini ya gari. Injini ya silinda sita ni ndefu, kwa hiyo gia boksi inasukumwa nyuma. Chesesi ikikatwa, difu ya nyuma, ile nundu ya gia katikati ya ekseli, inasogea mbele. Shafti inabaki kipande kifupi kilichoinama vibaya, na ekseli ikining'inia shimoni inazidi kuinama mpaka krosi inajisaga. Anayerefusha magari hakutani na hili kabisa: shafti zake zinalala, anaongeza beringi ya katikati, kazi imekwisha. Hawa walidhani kufupisha ni kazi ile ile.

Nimekwenda gereji, na mama yupo. Fundi mkuu hakuinuka kwenye stuli. Mama yangu ni mtu mzima, ana mvi, fundi yule ni umri wa mwanawe, na hakumpa hata shikamoo! Akamgeukia kijana wake, mimi nimesimama hapo hapo: "Mwambie bosi apunguze mguu, na awe anapaka grisi." Nikamwambia, "Fundi, mimi niko hapa, sema na mimi." Akanijibu, "Injini kubwa si uliitaka mwenyewe?" Akaendelea kula chipsi zake. Krosi kukatika kunatengenezeka. Ile dharau mbele ya mama yangu mpaka leo inanichemsha.

Gari nikalipeleka kwa mzee mmoja Moshi. Huyo aliingia chini ya gari kabla hata hatujazungumza bei. Akafunga shafti yenye krosi mbili upande wa gia boksi, akainua pua ya difu iielekee shafti, akaweka na mikanda ya kuzuia ekseli isishuke kupita kiasi. Tangu hapo nimepita makorongo mabaya kuliko lile na hakuna hata mtetemo. Gari ni tamu, sitaliuza.

Kwa hiyo kazi yenyewe, kukata na kubadili injini, naipa nyota tano bila kusita. Gereji ile nilipanga kuwapa tatu, maana chesesi waliichomelea vizuri. Lakini nikikumbuka mama alivyosimama pale juani hakuna aliyemsogezea kiti, nawapa moja, na hiyo ni ya yule kijana aliyetufuata mpaka getini kumwambia, "Pole, mama." Hela ya shafti bado nawadai.