Nilivyopanga picha 38,000 kwa digiKam: uzoefu wangu

Picha zangu zilikuwa zimetapakaa: diski mbili za nje, kompyuta ya zamani, na folda niliyoipa jina “PICHA MPYA ZOTE 2”. Jumla yake kama 38,000. Huu ni mwezi wa nne natumia digiKam. Ni programu ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, na albamu unazoziona humo ndizo folda zako zilezile za kwenye diski. Hilo ndilo lililonipa moyo wa kuanza, ingawa kwanza nilinakili kila kitu kwenye diski ya pembeni. Wewe pia fanya hivyo.

Nilianza na picha zilizojirudia. Programu inalinganisha picha yenyewe, si jina la faili, kwa hiyo iliibua hata zile zilizopunguzwa ukubwa. Ila usifute kwa pupa. Nilikuta picha mbili za mama, nguo ileile, kiti kilekile, lakini katika moja amefumba macho na katika nyingine anacheka. Zote mbili nimezibakiza.

Tarehe ndizo zilizonitesa. Kamera yangu ya zamani ikiishiwa betri, saa yake ilirudi mwanzo, ndiyo maana harusi ya dada ya Agosti 2008 ilikaa Januari 2005. Picha 312! Nilizichagua zote kwa pamoja nikazisogeza mbele kwa tofauti ileile, na mfuatano wake haukuvurugika: dada anashuka garini, anaingia ukumbini, baba anafuta machozi.

Utambuzi wa sura niliuacha ufanye kazi usiku kucha. Majina unayathibitisha mwenyewe, na kwa familia kubwa hiyo ni kazi ya jioni nyingi. Mimi niliifurahia.

Jambo moja nasisitiza sana: kwenye mipangilio, ruhusu lebo na majina yaandikwe ndani ya faili za picha, yasibaki kwenye hifadhidata ya programu pekee. Wiki iliyopita nilimpelekea kaka folda ya harusi. Kompyuta yake haina digiKam, lakini alipofungua taarifa za picha ya kwanza, lebo ya “harusi ya dada” ilikuwapo, na tarehe ilisomeka Agosti 2008.