Poti za FXS Pekee, na Majibu ya Muuzaji

Kifaa chenyewe sina ugomvi nacho, angalau kwa sasa. Tulikinunua mwanzoni mwa mwaka ili simu za mezani za nyumba yetu ya wageni hapa Tanga ziunganishwe na intaneti, na nilimweleza muuzaji bayana kwamba ipo pia laini ya waya wa shaba kutoka nje, ambayo wateja wa zamani bado wanaipigia. Akatuuzia kifaa chenye poti za FXS pekee, yaani matundu ya kuchomekea simu za mezani, bila hata moja ya FXO, ambayo ndiyo ya laini ya nje.

Kwa macho matundu yote ni mamoja, na plagi ya kawaida ya simu, RJ11, huingia kokote. Lakini FXS ndiyo inayotoa: huipa simu umeme wa takriban volti 48, huipa mlio wa kupigia, na hupeleka volti zinazokaribia 90 za kuliza kengele. FXO huunganishwa na laini ya kampuni ya simu, na mbele ya laini hiyo hujifanya simu, ikisubiri kengele ili ipokee. Laini ya nje ikichomekwa kwenye FXS, hukutana watoaji wawili pasipo mpokeaji, na poti inaweza hata kuungua.

Fundi wao alifanya hivyo hivyo. Alichomeka waya tundu la tatu, akasubiri, akachomoa, akahamia la nne, na taa ya kijani haikuwaka. Nilipompigia muuzaji akanijibu, “Bibie, tundu ni tundu, laini yenu ndiyo mbovu.” Nikachukua simu ya chumba namba mbili, nikaichomeka kwenye laini hiyo hiyo mbele ya fundi, na mlio ukasikika wazi. Fundi akajifanya anatafuta bisibisi.

Haki itendeke: vyumbani sauti ni safi, na kwa hilo ningetoa nyota nne. Hatimaye walituletea kifaa chenye FXO, bila hata pole, na bila kukipangia namna ya kutambua kwamba mpigaji wa nje amekata, iwe kwa mlio wa kukatika au kwa umeme wa laini kukatwa kidogo. Mtu akishakata, laini inabaki imeshikwa, na anayefuata anaambulia mlio wa kutumika. Muuzaji ameshauri tuwe tunachomoa waya.

Basi nyota mbili, na hizo ni za kifaa. Yeye simpi hata moja.